Viungo vya nyaya visiachwe wazi

Hakuna nyumba ya Butembo wala Beni, mashariki mwa Kongo, inayopaswa kuwashiwa umeme ikiwa viungo vya nyaya zake vimefungwa kwa skochi tu.

Umeme wa mitambo ya maji, kama ule wa Luviro, umeleta nafuu kubwa, lakini nyaya nyingi hupita juu ya nyumba za mbao zilizosongamana. Mvua hapa ni nyingi. Gundi ya skochi hulegea kwa jua, maji yakapenya. Alumini ya laini ikigusana na shaba ya nyumbani penye unyevu, alumini huliwa, kiungo hupata joto, na mbao ziko karibu.

Dawa inajulikana: mpira wa kunywea, unaovishwa juu ya waya na kupashwa moto hadi ubane. Mwingi hunywea hadi nusu au theluthi ya upana wake, na wenye gundi ndani huzuia maji. Hauponyi kiungo kibovu, hilo mafundi walijue. Kwanza waya ubanwe kwa kiunganishi kinachofaa shaba na alumini.

Februari 2022, waya mkubwa ulianguka katika soko la Matadi Kibala, Kinshasa, ukaua watu 26. Laini ile si sawa na za mitaani kwetu, ila umeme uliokosa kinga hauchagui mtu.

Wanaouza umeme wabebe gharama ya vifaa hivi, si mteja. Wenye mamlaka ya ukaguzi wapite masokoni na shuleni kabla ya mvua zijazo, na wakate laini yoyote yenye kiungo kilicho wazi hadi kirekebishwe.