Gololi Tatu Zinatosha

Katika ukurasa wa afya tumezoea kuzungumza juu ya malaria, lishe ya watoto na shinikizo la damu. Leo tuzungumze juu ya mchezo. Usishangae. Afya ya familia haiharibiwi na mbu peke yake. Huharibiwa pia na usiku usiolalwa, na macho yanayowasha, na kijana anayekula ugali huku uso wake umeinamia kioo bila kujua anakula na nani.

Wazazi wengi huuliza: je, tuwakataze watoto michezo ya kompyuta na simu kabisa, au tuwaache wacheze wapendavyo? Jibu langu ni kwamba tusifanye lolote kati ya hayo mawili. Anayekatazwa kabisa huenda kucheza kwa jirani, na anayeachwa hucheza hadi jogoo awike. Njia iliyo bora ni kuchagua mchezo, kuupangia saa, na kuucheza pamoja nao. Na mchezo ambao ningeanza nao ni wa zamani: ule wa pinboli uliokuwamo ndani ya kompyuta zetu miaka ya nyuma.

MCHEZO WENYEWE

Waliotumia kompyuta ofisini au shuleni miaka ya 2000 wanaukumbuka. Jina lake ni 3D Pinball: Space Cadet. Ulitengenezwa na kampuni ya Cinematronics ya Marekani, ukatolewa mwaka 1995 pamoja na programu za nyongeza za Windows 95. Baadaye uliwekwa pia katika Windows 2000 na Windows XP, ndiyo maana ulienea dunia nzima.

Kwenye kioo unaona meza iliyoinama, imechorwa nyota na vyombo vya angani. Unabonyeza kile kitufe kirefu cha nafasi, unakiachia, na gololi ya chuma inaruka juu. Inagonga huku na huku, taa zinawaka, kisha inaanza kushuka. Chini kuna vibao viwili vidogo vya kuipigia. Kitufe cha Z huinua kibao cha kushoto, na kitufe cha mkwaju huinua cha kulia. Kazi yako ni kuizuia gololi isitumbukie shimoni. Ukitimiza kazi unazopewa unapandishwa cheo, kutoka kuruta hadi admirali mkuu. Unaanza na gololi tatu. Ukicheza vizuri unaweza kuongezewa, lakini zikiisha, mchezo umekwisha.

Windows Vista ilipotoka mwaka 2007, mchezo haukuwamo. Raymond Chen, fundi wa programu wa Microsoft, alieleza sababu mwaka 2012. Walipojaribu kuuhamishia kwenye kompyuta za biti 64, gololi ilianza kupenya vitu ilivyopaswa kugonga, kama mzimu unaopita ukutani. Programu ilikuwa ya zamani, imeandikwa na watu wengine, na kosa halikuonekana. Wakaamua kuuacha.

Hata hivyo haukufa. Wataalamu waliojitolea wameiandika upya programu yake ili ifanye kazi kwenye kompyuta za siku hizi. Lakini tahadhari: usichukue programu kutoka kila mahali panapoahidi mchezo wa bure. Nyingine hubeba virusi vya kuiba nywila na fedha zako. Mwombe kijana mwaminifu anayejua kompyuta akusaidie, na kila kitu kikaguliwe kabla ya kufunguliwa.

KWA NINI HUU NA SI MINGINE?

Sababu yangu ya kwanza ni kwamba mchezo huu una mwisho. Gololi ya tatu ikitumbukia, kioo kinakuambia umemaliza. Mtoto anaweza kuinuka akaenda kuteka maji au kusoma. Michezo mingi ya simu siku hizi imetengenezwa isiishe. Ukimaliza ngazi moja unafunguliwa nyingine. Ukishindwa unaambiwa usubiri, au ulipe ili uendelee. Usiporudi kesho unapoteza zawadi. Hiyo haifanyiki kwa bahati mbaya. Kukurudisha kila siku ndiyo biashara yenyewe. Mtu mzima mwenye akili timamu hunaswa, sembuse mtoto wa miaka kumi?

Sababu ya pili ni kwamba mchezo huu hauombi fedha, hauonyeshi matangazo, wala hauhitaji intaneti. Hakuna mgeni asiyejulikana atakayezungumza na binti yako humo.

Sababu ya tatu ni kwamba unaweza kuchezwa na watu wanne kwa zamu. Baba, mama na watoto wawili wanaweza kukaa mbele ya kompyuta moja. Mtoto hujifunza kusubiri zamu, na kushindwa bila kununa. Na baba hujifunza kushindwa na mtoto, jambo ambalo si baya kwa afya ya nyumba.

Tena, mchezo unakuruhusu kuitikisa meza kidogo ili gololi igeuke. Ukitikisa kupita kiasi, vibao vinakufa ganzi na gololi inatumbukia hivi hivi. Sijui mafundisho mangapi juu ya kiasi yanayoeleweka haraka namna hiyo kwa mtoto.

Sisemi kwamba mchezo huu ni dawa. Hauponyi ugonjwa, wala sitamwahidi mzazi kwamba utamfanya mwanawe awe wa kwanza darasani. Ni burudani tu. Ila ni burudani inayojua kuondoka.

HOFU YA NEW YORK

Wapo watakaosema: kila mchezo wa mashine ni mlango wa kamari. Hofu hiyo si ya leo. Mwaka 1942, meya wa New York aliyeitwa Fiorello La Guardia alipiga marufuku mashine za pinboli mjini mwake. Polisi walizikusanya na kuzivunja kwa nyundo. Hoja yake ilikuwa kwamba zinawanyang'anya watoto sarafu za chakula cha mchana.

Hakukosea kabisa. Mashine za wakati ule hazikuwa na vibao vya kupigia. Ukishaitupa gololi, ulibaki kutazama tu inaangukia wapi, na watu waliwekeana fedha. Vibao vilianza mwaka 1947, na hapo mchezo ukawa wa mkono na jicho kuliko wa bahati. Marufuku ile iliondolewa mwaka 1976, baada ya mchezaji aliyeitwa Roger Sharpe kucheza mbele ya madiwani na kuwaonyesha kwamba anaweza kuipeleka gololi anakotaka.

Hapa ndipo penye somo kwetu. Tusiulize tu kama mchezo una mashine au kioo. Tuulize: je, anayecheza anatumia ustadi wake au anatupa sarafu na kungoja bahati? Je, akishindwa anapoteza nini? Mtoto aliyeshindwa katika pinboli ya kompyuta amepoteza dakika kumi. Mtoto anayesimama mbele ya mashine ya sarafu kwenye kibanda cha sokoni, au anayebashiri matokeo ya mpira kwa simu ya baba yake, anapoteza ada na nauli, na mwishoni anapoteza uaminifu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki hailaani kila mchezo wa bahati, lakini inaonya kwamba michezo hiyo huwa haikubaliki inapomnyima mtu mahitaji yake na ya wanaomtegemea, na kwamba tamaa ya kamari inaweza kumfanya mtu mtumwa. Wazazi wanaopiga kelele juu ya kompyuta sebuleni huku wakikifumbia macho kibanda cha sarafu wanapigana na kivuli.

KANISA NA MCHEZO

Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba roho nayo huchoka, na pumziko lake ni furaha ya mchezo wenye kiasi. Anakisimulia kisa cha kale cha Mtume Yohane. Watu walikwazika kumkuta akicheza na wanafunzi wake. Akamwambia mmoja wao, mwenye upinde, apige mshale, tena na tena, kisha akamwuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Na roho ya mtu ni vivyo hivyo, alisema Yohane.

Katika nyakati zetu tunaye Mtakatifu Carlo Acutis, aliyezaliwa mwaka 1991, akafariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Alikuwa hodari wa kompyuta, na alipenda michezo ya video kama wenzake. Wanaosimulia maisha yake wanasema alijipangia saa moja tu kwa wiki. Hakuichukia michezo, ila alikataa kuwa mtumwa wake.

MWILI UNADAI NINI?

Tunapotazama kioo kwa makini, tunasahau kupepesa macho. Machozi yanayolainisha jicho hukauka, na jicho huwasha na kuwa jekundu. Misuli ya ndani ya jicho nayo huchoka kwa kutazama karibu muda mrefu.

Mchezo huu wa zamani una tatizo lake la pekee kwenye kompyuta mpya. Ulitengenezwa kwa vioo vya zamani vyenye nukta chache, hivyo kwenye kioo cha leo picha yake hutokea ndogo, na mchezaji husogeza uso karibu. Shingo inapinda, mgongo unajikunja. Usisogeze uso, ikuze picha.

Vidole viwili vinavyogonga vitufe vile vile mamia ya mara huweza kuumiza mishipa ya kiganja na kifundo cha mkono. Maumivu, ganzi au kuchomachoma ni ishara ya kuacha, si ya kujikaza. Kadhalika jina la kompyuta mpakato lisitudanganye: ukiipakata muda mrefu, joto lake linaweza kuacha madoa kwenye ngozi ya mapaja. Iweke mezani.

Wapo wagonjwa wachache wa kifafa ambao taa za kumetameta huweza kuwaletea degedege. Mwenye kifafa na amwulize daktari wake kabla ya kucheza. Na tukumbuke, kifafa ni ugonjwa wa ubongo wenye dawa. Si pepo wala laana.

Tena kuna usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Mchezo wa usiku huchangamsha akili, na mwanga wa kioo huuchelewesha usingizi. Mwalimu anayemwona mtoto akisinzia darasani asikimbilie kumwita mvivu. Aulize kwanza alilala saa ngapi.

Kuna pia hatua ambapo mchezo huwa ugonjwa. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa michezo ya kompyuta katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022. Dalili zake kuu ni tatu: mtu hawezi tena kujizuia, mchezo unatangulia mambo mengine yote, na anaendelea hata anapoona unamharibia masomo, kazi au ndoa. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12 au zaidi. Mwenye dalili hizo asipigwe wala asitukanwe. Apelekwe kwa mganga wa hospitali au mshauri nasaha.

KANUNI ZA NYUMBANI

1. Kompyuta ikae sebuleni, si chumbani. Kinachochezwa kionekane na wote.

2. Kazi, masomo na sala ya familia kwanza, mchezo baadaye. Kila mtu apate michezo miwili au mitatu kwa zamu, kisha kompyuta izimwe. Saa moja kabla ya kulala kioo kisiwe kinawaka.

3. Kila baada ya dakika 20, mchezaji atazame kitu kilicho mbali, mita kama sita, kwa sekunde 20, na apepese macho.

4. Kioo kiwe umbali wa mkono ulionyooshwa, na ukingo wake wa juu usizidi usawa wa macho. Miguu ifike chini.

5. Watoto wachanga wasiwekwe mbele ya kioo. Kwa wa miaka 2 hadi 4, Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi.

6. Mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji walau dakika 60 za kukimbia na kutoa jasho kila siku. Gololi ya kioo isichukue nafasi ya gololi za uwanjani. Tena utafiti wa Asia ya Mashariki umeonyesha kwamba watoto wanaokaa nje zaidi mchana hawapati kwa urahisi ugonjwa wa kutoona mbali.

Najua nyumba nyingi za parokia zetu hazina kompyuta. Zina simu moja tu ya baba au mama. Kipimo ni kile kile. Uliza: mchezo huu unaisha lini, unataka fedha ya nani, na unachezwa na nani? Mchezo usio na jibu jema kwa maswali hayo matatu, ufute leo.

Lakini kanuni hizi zitakuwa maneno matupu kama mzazi mwenyewe hulala na simu mkononi. Mtoto haigi tunachomwambia, huiga tunachofanya. Basi mzazi naye zamu yake ikiisha, ainuke, azime kompyuta, na familia ipige magoti pamoja. Mungu awajalie afya njema ya mwili na roho.