Homoni za Kuku Huongozwa na Chakula

Husemwa mara kwa mara kwamba kuku wa nyama hunenepa upesi kwa sababu ya kudungwa homoni. Hofu hiyo ina chanzo: nchini Marekani kuku waliwahi kupandikizwa homoni bandia iitwayo dietilistilbestroli, hadi matumizi hayo yalipokomeshwa mwaka 1959. Hata hivyo, kasi ya ukuaji wa kuku wa leo ina maelezo mengine.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walichapisha matokeo ya kukuza kwa chakula kile kile kuku wa koo ya mwaka 1957 na wa koo ya mwaka 2005. Walipofikisha siku 56, wa kwanza walikuwa na wastani wa gramu 905, na wa pili gramu 4,202. Tofauti hiyo ilitokana na uteuzi wa mbegu.

Homoni zinazomkuza kifaranga hutengenezwa mwilini mwake, na chakula ndicho huziongoza. Akinyimwa chakula, homoni ya thairoidi iitwayo T3 hupungua katika damu, kwa kuwa ini huivunja kwa kasi zaidi. Insulini hushuka, glukagoni na kotikosteroni hupanda ili akiba ya mwili itumike. Homoni ya ukuaji yenyewe huongezeka, lakini kifaranga hakui, kwa sababu IGF-1, inayofikisha amri yake kwenye misuli na mifupa, imepungua. Akilishwa tena, T3 hupanda upesi. Ni dhahiri kwamba homoni bila chakula haijengi mwili.

Mfugaji anayewaacha vifaranga siku mbili bila chakula, akitegemea kiini cha yai kilichobaki tumboni mwao, anakosea. Kiini hicho huwaepusha na kifo, lakini hakitoshi kuwakuza. Chakula na maji vinapaswa kuwangoja bandani.

Mlaji naye ana swali zito zaidi la kuuliza: je, kuku huyu alipewa antibiotiki gani, na alichinjwa siku ngapi baada ya dozi ya mwisho? Matumizi holela ya dawa hizo huzalisha bakteria sugu, na usugu huo humfuata binadamu hadi wodini. Hofu ya sindano ya homoni isiyokuwepo isiwasahaulishe watu hatari iliyopo.