Kofia ya Mkono Iuzwe kwa Ukweli na kwa Hesabu

Ndugu zangu wanafunzi,

Napenda kuitumia nafasi hii kuzungumza juu ya biashara iliyomo majumbani mwetu hapa Zanzibar, nayo ni kushona kofia za viua kwa mkono. Wengi wenu mna mama, dada au shangazi anayeshona, na baadhi yenu madaftari na nauli za skuli hutoka katika sindano hiyo. Maoni yangu ni kuwa washonaji wetu hawakosi ufundi. Wanachokosa ni hesabu, maelezo na mapatano.

Kwanza, hesabu. Mshonaji akiulizwa kofia imemgharimu kiasi gani, hutaja kitambaa na uzi tu. Wiki alizokaa akitoboa na kuzungushia uzi kiua kimoja kimoja hazihesabu. Tuchukue mfano: vifaa shilingi 6,000, kazi ya saa mbili kwa siku 20, na kofia ikauzwa shilingi 25,000. Zinabaki 19,000 kwa saa 40, yaani shilingi 475 kwa saa. Asiyeijua hesabu hii humshukuru dalali anayempunja.

Pili, maelezo. Kofia za mashine zimejaa madukani kwa bei ndogo. Kuziuza si kosa. Kosa ni kuzichanganya na za mkono na kumwacha mnunuzi adhani zote ni sawa. Mmesoma habari ya Mtume (s.a.w.) alipotia mkono ndani ya lundo la chakula sokoni akakuta kimelowa chini. Alimkemea muuzaji, akataka kilicholowa kiwekwe juu watu wakione. Basi sema: hii ya mashine, hii ya mkono. Mgeuzie mnunuzi kofia aone mshono wa ndani, na umweleze imechukua siku ngapi. Mnunuzi akidanganywa mara moja, kesho hata kofia ya kweli ataitaka kwa bei ya mashine, na anayeumia ni mshonaji.

Tatu, mapatano. Mwenye shida ya pesa huuza mapema kwa bei ya kutupa, kisha dalali hungojea Sikukuu ikaribie. Dawa yake mmeisoma katika mlango wa biashara, nayo ni salam: mnunuzi hulipa bei yote mwanzo, na sifa, kipimo na muda wa kukabidhi viwe vinajulikana. Andikeni kipimo cha kichwa, rangi ya uzi, aina ya nakshi na tarehe. Na tarehe iheshimiwe, kwani kofia ya Idi ikifika baada ya Idi, mteja huyo harudi tena.

Wako watakaosema kuwa bei ikipanda wateja watakimbia. Kweli, baadhi watakimbia, nao wanunue za mashine. Lakini wako wanaoitafuta kazi ya mkono, hapa kwetu na hata Oman, ambako kofia kama hii huitwa kumma. Hao ndio wa kuwatafuta, nao hawatujui tukinyamaza.

Nyinyi mnaojua kuandika na kupiga hesabu, likizo hii kaeni na mama zenu, mfungue daftari moja la kofia. Andikeni kila saa na kila senti, kisha bei ipangwe na anayeshona.

Wabillahi tawfiq.