Ardhi Imekukosea Nini?

Kila Jumamosi, kabla jua halijapenya majani ya mikaratusi, ile bustani ya miti iliyo kando ya barabara ya Ikulu, ambayo wenyeji wa Nairobi huiita Arboretum tu, na ambayo ilianzishwa mwaka 1907 ili ijaribiwe humo miti ya kigeni iliyotarajiwa kutoa kuni za gari la moshi, huwa imekwisha jaa watu wa Kileleshwa, Kilimani na Lavington, pamoja na wengine waliotoka katikati ya mji, wote wakizunguka mbio, raba zikimeta na simu zimefungwa mikononi. Mimi ni mmoja wao. Siku moja nilikaa kitako nikafumba macho, nikasikia jambo ambalo macho yalikuwa yakinificha: puu, puu, puu, kama michi ya watu wasiopatana kinuni.

Mishindo hiyo nilikwisha kuambiwa habari yake. Mzee mmoja, askari mstaafu kwa alivyonieleza, alinisimamisha karibu na lango siku ambayo goti langu la kushoto lilikuwa limevimba, akaniuliza, "Kijana, hii ardhi imekukosea nini?" Nilikuwa na umri wa miaka 47, walakini nilimwamkia kwa adabu, naye akaniamuru nikimbie hatua kumi mbele yake. Kisha akanionyesha kwa fimbo pale kisigino kilipochimba udongo, mbali mbele ya mahali kiwiliwili kilipokuwa. "Mwili haujafika, mguu umetangulia kuungoja. Huo si mwendo, hiyo ni breki."

Dawa yake haikuwa na gharama. Nihesabu mguu wa kulia unapogusa chini kwa dakika moja. Nilipata mara 76. Nifupishe hatua hata nifike 80, wala nisiongeze kasi hata chembe. Wataalamu wa viungo wameyapima haya na kuthibitisha kwamba kuzidisha idadi ya hatua kwa 5 hadi 10 katika kila 100, kwa kasi ile ile, huupunguza mzigo unaoliangukia goti. Wiki ya kwanza nilijiona kama kuku anayepita juu ya makaa, na mashavu ya miguu yaliniuma, kwani ukimzoeza mtu kutua karibu zaidi na kitanga cha wayo, sehemu ya kazi ya goti huhamia kwenye mashavu hayo. Basi asiyefanya taratibu hubadilisha maradhi tu.

Sisi twajifakhirisha kwa Eliud Kipchoge, aliyemaliza kilomita 42 na ushei kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, na twadhani kwamba mbio zimo katika damu ya kila mwenye kitambulisho cha Kenya. Kila mtu aukumbuka muda ule. Ni wachache waliotazama mabega yake yaliyoshuka, vidole visivyokunjwa ngumi, na kichwa kilichotulia kana kwamba kimebeba mtungi. Hiyo ni elimu, na elimu haipatikani kwa uraia. Wengi wetu somo la mbio tulilopewa shuleni lilikuwa adhabu: umechelewa, zunguka uwanja mara tano. Si ajabu, basi, kwamba mtu mzima akipanda kile kilima kitokacho mtoni, katika mji ulioinuka zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, utamwona ameuma meno na kukunja shingo kama anayetumikia kifungo. Naye atakwambia kwamba dosari ni ya raba! Nimeona raba za mtumba za soko la Toi zikipita kimya, na za bei ya mshahara wa mwezi zikitwanga.

Kwa hiyo rai yangu kwa vikundi vinavyokimbia bustanini ni kwamba dakika kumi za mwanzo zitolewe kwa kufundishana mwendo, kabla mtu hajawasha saa ya kujipimia. Na mwenye ujuzi asione haya kumsimamisha asiye nao, alimradi aanze kwa salamu. Nawe msomaji, Jumamosi ijayo uhesabu mguu wako wa kulia. Mimi sasa nimefika 84, na goti halijavimba tena tangu Pasaka ya mwaka jana.