Unene si ushahidi kwamba mtu hakuteseka

GOMA – Kuna maneno yanayozunguka kwenye foleni za msaada na kwenye mabomba ya maji, na yanapashwa kukoma. Mama mwenye mwili mkubwa akipita, mwingine husema: "Huyu naye ni mkimbizi? Vita gani ilimnenepesha hivi?" Watu hucheka. Mama mwenyewe hucheka pia, kwa sababu kukasirika mbele ya watu ni haya. Lakini usiku, watoto wakisha lala, maneno yale yanamfuata mpaka kwenye sufuria.

Wanaocheka wanaamini kwamba mateso yana alama moja tu: mifupa inayoonekana. Wanajidanganya.

Mama aliyetoka Masisi au Rutshuru alikuwa akilima tangu asubuhi, akibeba kuni na ndizi mgongoni, akipanda na kushuka milima. Bugali aliyokula mwili uliitumia. Vita vilimtoa shambani. Tangu makambi ya kandokando ya Goma yalipovunjwa mwanzoni mwa 2025, familia nyingi zimerudi kwenye vijiji vilivyobomolewa, na nyingine zinabanana kwa jamaa. Mama huyo hana jembe tena. Msaada ukipatikana ni unga, maharagwe, mafuta na chumvi. Mboga na matunda ni vya kununua, na franki hakuna. Leo anakula mara moja, kesho hajui. Siku chakula kinapopatikana anakula mpaka sufuria inaisha, kwa sababu mwili uliozoea kukosa hauiamini kesho. Hivyo mtu anaweza kunenepa na bado akapungukiwa na damu. Wengine wanaongezeka uzito kwa sababu ya sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Nani kwenye foleni alimuuliza?

Kuna pia kula ambako hakutoki tumboni. Mtu asiyelala vizuri hamu yake ya chakula huongezeka, na hofu ya siku nyingi humfanya atamani vitamu na mafuta. Mandazi mawili ya moto na chai ya sukari hutuliza moyo kwa dakika chache. Halafu aibu inakuja, na aibu inaita andazi la tatu. Kuita jambo hili ulafi ni ukatili. Mama aliyezika mtoto njiani bila kupata siku ya matanga anakula kilio chake. Kumcheka ni kumuongezea chakula kile kile.

Juu ya aibu hiyo wengine wanajenga biashara. Sokoni na kwenye simu wanauza chai ya kupunguza tumbo: kilo kumi kwa wiki mbili. Chai nyingi za namna hiyo zinaharisha tu. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili. Mtu akinywa maji, kilo zinarudi. Katika mji ambako kipindupindu hurudi mara kwa mara, kumuuzia mama dawa ya kuharisha ni kuchezea maisha yake.

Wengine watauliza: basi unene uachwe? Hapana. Kisukari, shinikizo la damu na maumivu ya magoti ni mambo ya kweli. Lakini mtu hutunza kile anachokiheshimu. Mama anayeuchukia mwili wake haupeleki kwa muganga, anauficha chini ya vitenge. Kuukubali mwili si kukata tamaa. Ni kutambua kwamba mwili huo huo ndio uliobeba watoto na mizigo mpaka Goma, na kwamba unastahili matunzo, si adhabu.

Na matunzo hayana haraka. Kupunguza nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki kunatosha. Kula kitu asubuhi, hata kidogo, ili usiku usiwe wa kulipiza njaa. Lengalenga na maharagwe viongezeke kwenye sahani, sukari na mafuta vipungue. Kutembea nusu saa, siku tano kwa wiki. Na kabla ya kufungua sufuria, mtu ajiulize: ni tumbo linaloita, au ni huzuni? Ikiwa ni huzuni, amtafute dada, jirani, mchungaji au msikilizaji wa kituo cha afya. Na yule anayevimba miguu, au anayesikia kiu na kukojoa kila mara, asingoje: aende kupimwa.

Kazi iliyobaki ni ya wengine. Wanaoandika orodha za msaada wasipime shida kwa macho. Mabwana waache kuwalinganisha wake zao na wa majirani. Na anayechota maji kesho, akiona mwili mkubwa ukikaribia bomba, asaidie kuinua bidoni na anyamaze.