Gari Likianza Kunesanesa Usingoje

Dalili ya mvua ni mawingu. Gari nalo halivunjiki miguu ghafla bila ya kutoa ishara. Taabu ni kwamba wengi wetu tukiisikia ishara yenyewe, huongeza sauti ya redio na kuendelea na safari.

Mpenzi msomaji, leo tuzungumzie springi, shokomzoba na viungo vinavyolibeba gari lako. Springi hupokea kishindo cha shimo au tuta. Ikishaminywa hutaka kurukaruka, na kazi ya shokomzoba ni kuituliza. Ndani yake mna pistoni inayosukuma mafuta kupitia vitundu vidogo, ndipo mruko ule ukapungua na kukoma.

Wengi hudhani kwamba vifaa hivi viliwekwa ili abiria wastarehe tu. La hasha! Kazi yake kubwa ni kulishikilia gurudumu barabarani. Gurudumu lililo hewani halishiki breki wala halitii usukani. Gari lenye shokomzoba zilizokufa huenda mbali zaidi kabla ya kusimama, hasa penye mashimo, hata kama breki zake ni mpya. Kwa mtoto anayevuka barabara kwenda shule, hatua hizo chache ni uhai au mauti.

Basi, dalili ni zipi?

Ya kwanza ni kunesanesa. Ukishapita tuta, gari lapasa kutulia mara moja. Likiendelea kupanda na kushuka kama mashua, kuna kasoro. Lijaribu nyumbani: liegeshe mahali tambarare, vuta breki ya mkono, kandamiza pembe moja ya gari kwa nguvu mara mbili tatu, kisha achilia. Likiinuka na kutulia, ni vyema. Likizidi kuchezacheza, shokomzoba ya pembe hiyo imechoka. Hata hivyo, jaribio hili halifichui kila ubovu, kwa hivyo zitazame dalili nyingine pia.

Ya pili, tazama pua ya gari. Je, huinama sana ukifunga breki? Je, gari hulala upande ukikata kona? Hapo uzito unahamahama bila ya kuzuiwa.

Ya tatu ni kelele. Mgongo wa ngo! ngo! unapopita penye mashimo mara nyingi hutoka kwa bushi za mpira zilizolika au boljointi iliyolegea. Usiipuuze boljointi hata siku moja. Ikichomoka, gurudumu hulala na dereva hubaki ameshika usukani usioongoza kitu.

Ya nne imo katika matairi. Pitisha kiganja juu ya tairi. Ukihisi vilima na mabonde, shaka ya kwanza iwe shokomzoba. Likiwa limelika upande mmoja tu, huenda magurudumu hayakunyooshwa sawasawa au bushi zimekwisha. Kununua tairi jipya kabla ya kutibu chanzo ni kutwanga maji kwenye kinu.

Ya tano, chungulia chini. Shokomzoba inayovuja mafuta haina muda. Na gari lililoegeshwa tambarare likiwa limeinama upande mmoja, huenda springi imevunjika au imelegea.

Nawe mwanafunzi usiye na gari, usidhani hayakuhusu. Matatu ikirukaruka baada ya kila tuta na kuyumba kwenye kila kona, mwombe dereva apunguze mwendo. Asiposikia, shuka kituo kinachofuata. Nauli iliyopotea si kitu mbele ya maisha.

Ukifika kwa fundi, mwombe akuonyeshe kilichoharibika kabla ya kufungua mfuko. Shokomzoba hubadilishwa mbili mbili, kushoto na kulia, kwa sababu moja mpya na moja kuukuu hulifanya gari lisilale sawa. Fundi akikuambia atie vipande vya mpira katikati ya springi ili gari liinuke, jua kwamba litainuka kweli, lakini shokomzoba iliyokufa haitafufuka. Na springi iliyovunjika haichomelewi. Moto huiondolea ugumu wake, nayo itavunjika tena, pengine ukiwa kwenye mteremko na watoto wako wamekaa nyuma. Kazi ikiisha, magurudumu yapimwe na kunyooshwa.

Najua mfuko una mambo mengi: karo, kodi ya nyumba, unga. Lakini bushi moja ya mpira ni rahisi kuliko matairi mawili, na matairi mawili ni rahisi kuliko kitanda cha hospitali. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha gari, likandamize kila pembe. Ni kazi ya dakika mbili.

Safari njema, hadi Jumapili ijayo.