Viti vya plastiki havimkalishi mrejeaji

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga. Methali hii naiona kila mwisho wa mwezi hapa Rumonge, pale mwalimu mwenzangu au mrejeaji aliyeuza mawese yake anapokopa fedha ili anunue makochi mapya. Kitambaa kinang'aa, lakini ukiyapindua unakuta mbao laini zilizopigwa misumari miwili miwili. Mwaka haujaisha, mguu umetoka na deni bado lipo.

Leo nataka kuwatetea wanaonunua samani zilizotumika na kuzitengeneza. Mshahara wa mwalimu unajulikana, hivyo sababu ya kwanza haihitaji maelezo. Lakini ninayo sababu nyingine, nayo inatuhusu zaidi sisi tuliorudi.

Nilizaliwa katika makazi ya Katumba, Mpanda, mwaka 1981, kwa wazazi waliokimbia Burundi mwaka 1972. Huko nilisoma hadi kidato cha nne. Nyumbani tulikuwa na meza ya mninga. Tulilia chakula juu yake, na usiku nilifanyia hesabu zangu hapo hapo. Familia yetu ilipochagua kurejea badala ya kuomba uraia wa Tanzania, mwaka 2009, baba aliiuza meza ile kwa bei ya kuku wawili. Mnunuzi alijua kwamba lori linaondoka asubuhi.

Rumonge nilianza maisha kwa viti sita vya plastiki. Mke wangu akaomba kabati la vyombo, nikamwambia tungoje. Tulingoja miaka sita. Sikulisema kwa sauti, lakini moyoni nilikuwa nawaza: kiti cha plastiki hubebwa kichwani, je, kabati nitalibebaje siku ya kukimbia? Ndugu wasomaji mliorudi, wengi wenu mnayajua mawazo haya. Mtu amejenga nyumba ya matofali, ndani yake anaishi kama yuko kituo cha mabasi.

Mwaka 2015 hofu ikarudi kweli. Watu walivuka kwa maelfu, wengine kwa ziwa hadi Kagunga, ambako meli ya Liemba iliwachukua kuwapeleka Kigoma. Jirani yangu alikuja usiku kuniuzia kabati lake la mvule. Aliomba faranga 80,000. Nikampa 30,000, naye akapokea kwa sababu hakuwa na muda. Meza ya baba niliikumbuka nilipokwisha kulala.

Sisi hatukuondoka. Kabati lilikuwa limechoka: milango imelegea, na ubao wa chini umeliwa na bungua. Fundi alikata sehemu iliyobunguliwa akaunga ubao mwingine, akabadilisha bawaba, akapiga msasa hadi rangi ya mti ikaonekana. Akafuta vumbi lote, kisha akapaka vanishi mara mbili, ya pili baada ya ile ya kwanza kukauka kabisa. Yote hayo yalinigharimu 18,000. Nyumba ikawa na sura nyingine.

Tangu hapo nimejifunza kununua. Usitazame rangi, maana rangi hukwanguliwa. Litikise kabati uone kama viungio vinacheza. Chungulia chini: ukiona vitundu vyenye unga mpya, wadudu bado wamo. Kitanda kianike juani na uchunguze kila ufa, usije ukaingiza kunguni wa watu. Mguu uliooza kwa unyevu unaweza kukatwa na kuungwa. Viti visivyofanana vipake rangi moja na uvishonee mito ya kitenge kimoja; mgeni atadhani vilitoka pamoja.

Wapo watakaosema kwamba vitu vya mtumba ni aibu, na kwamba wageni watacheka. Mimi naona aibu ya kumficha mwenye duka anayedai makochi ni kubwa zaidi.

Jirani yangu alirudi mwaka 2018. Alipoketi sebuleni macho yake yakaenda kwenye kabati. Nikamwambia, "Ndugu yangu, lile ni lako. Usiku ule nilikupunja." Akacheka kidogo, akasema, "Mwalimu, lilikuwa linakaribia kuanguka, wewe umelisimamisha." Tukakubaliana anirudishie zile 30,000 na nusu ya gharama ya fundi, kidogo kidogo. Akamaliza kulipa, na kabati lake likaenda kwake.

Ndugu wafanyabiashara mnaopita Manyovu na Mugina, nanyi nina neno nanyi. Mnatuletea magodoro na mabeseni, tunashukuru. Tuleteeni pia bawaba, msasa, gundi ya mbao na vanishi. Mzigo wake ni mdogo, na wanunuzi wapo. Na mnaponunua meza au kitanda cha mtu anayefunga safari, awe anatoka kambini kurudi kwao au anaondoka kwao, mpeni bei ambayo angeipata kama angekuwa na wiki moja ya kungoja. Faida bado itakuwepo. Tofauti ni kwamba mtaweza kumsalimia mkikutana naye tena, na mpakani watu hukutana tena.

Kwa warejeaji wenzangu nasema hivi: tafuteni kitu kizito, cha mti mgumu, hata kama kimechakaa, mkitengeneze taratibu kadiri ya mfuko. Msingoje kuwa na uhakika wa kesho ndipo mnunue kabati. Uhakika huo wazazi wetu hawakuwahi kuupata, na bado walikuwa na meza ya mninga.

Viti vyangu vya plastiki ningali navyo. Majirani huviazima wakiwa na msiba au harusi. Lakini pale lilipokuwa kabati la jirani nimeweka jingine la zamani, kubwa zaidi. Watu wanne hawawezi kulibeba wakikimbia, na wakati wa kulinunua nililijua hilo.